Cherehani ya Mama

Msomaji, labda kwenu nyumbani kuna kitu cha zamani kinachofanya kazi kila siku bila ya kutazamwa: kinu, pasi ya makaa, redio, baiskeli au cherehani. Watu hukizoea kama walivyouzoea mlango wa nyumba. Hakitajwi mpaka siku kinapokataa kazi, na siku hiyo kila mtu hujifanya fundi. Mimi nami nilijifanya fundi siku moja, na nusura nimpotezee mama yangu kazi iliyonilea. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, wala sitajipamba, maana faida ya kisa hiki imo ndani ya kosa langu.

Mama yangu ni mshonaji katika mji wa Voi. Cherehani yake ni ya miguu, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofutika mahali mkono wake unapopita. Aliinunua kwa mzee mmoja mshonaji aliyeacha kazi kwa udhaifu wa macho, nayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa kongwe. Mshonaji hukanyaga kikanyagio, gurudumu kubwa la chini likazunguka, likavuta mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu dogo la juu. Cherehani hiyo haitaki umeme. Hutaka miguu miwili, matone machache ya mafuta na akili iliyotulia. Kwa kazi yake nililipiwa karo ya sekondari, na kwa kazi yake nilipelekwa chuo cha ualimu. Kila shati nililovaa utotoni lilipita chini ya sindano yake.

Mwezi wa Desemba mwaka 2009 nilikuwa nimerudi nyumbani kwa likizo ya chuo. Mama alikuwa amepokea kazi kubwa kuliko ya miaka yote iliyotangulia: magauni 26 na mashati 14 ya sare, yote yakihitajiwa kabla ya shule kufunguliwa mwanzoni mwa Januari. Wazazi wengi walikuwa wamekwisha kulipa nusu ya fedha, na fedha hizo zilikuwa zimekwisha kugeuka kitambaa.

Usiku mmoja, Mama alipokwisha kulala, niliwasha taa nikaketi kwenye cherehani ili nipunguze urefu wa suruali yangu. Kitambaa kilikuwa kizito, nami nilikuwa na haraka. Nilikivuta kwa mkono badala ya kukiacha kiende kwa mwendo wake, sindano ikapinda, ikagonga chuma, ikakatika. Nilitafuta sindano nyingine katika mkebe wa Mama, nikaitia mahali pa ile ya kwanza, nikakaza skrubu yake. Pindo lililobaki nililimaliza kwa mkono. Sikuijaribu sindano ile mpya, na asubuhi sikumwambia mtu neno lolote. Niliona ni jambo dogo lisilofaa kutajwa.

Mama akaketi kazini baada ya chai. Mara nikasikia miguu yake imesimama. Alikanyaga tena, akasimama tena. Cherehani ilikuwa ikiruka mishono. Mahali pengine uzi ulilala juu ya kitambaa bila ya kushika kitu. Akainama ili aitazame, nami nikasema kwa sauti ya msomi, "Niachie mimi, Mama. Wewe pumzika."

Akainuka akanipisha. Mpaka leo huikumbuka heshima aliyonipa pale. Yeye alikuwa ameishi na mashine ile miaka mingi, nami nilikuwa na miezi michache tu ya chuo; walakini aliiamini elimu yangu kuliko uzoefu wake, kwa sababu elimu hiyo aliinunua yeye kwa jasho lake.

Nikachukua bisibisi. Nilikaza kila kilicholegea na kulegeza kila kilichokazwa. Kisha nikatoa bobini, yaani kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, pamoja na kesi yake, ambayo ni kikombe cha chuma kinachoingia katika kiganja. Ubavuni mwa kesi mna springi nyembamba inayoubana uzi, nayo hushikwa kwa skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha. Niliigeuza skrubu hiyo kupita kiasi. Ikachomoka, ikaanguka sakafuni, ikaingia katika ufa wa saruji, nisiione tena. Tulifagia, tukachekecha vumbi kwa chekeche la unga, tukapitisha sumaku ya redio mbovu; haikupatikana. Bila ya skrubu ile springi haikai, na bila ya springi uzi hauna wa kuubana. Nilikuwa nimepokea cherehani yenye ugonjwa mmoja, nikairudisha ikiwa na magonjwa mawili.

Siku ya pili alipita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mkokoteni wake. Aliiona cherehani imefunuliwa, akauliza kama inauzwa. Akaitazama kama atazamavyo bati lililotoboka, akataja bei ya uzito wa chuma. Mama akanigeukia. Tangu nilipoingia chuoni alipenda kuniita kwa jina la kazi yangu kabla sijaipata. "Mwalimu," akasema, "unaonaje? Tuiachilie?"

Msomaji, sijapata kuulizwa swali zito kama lile katika mtihani wowote. Nilimwambia, "Nipe siku moja, Mama."

Alfajiri nilipanda basi kwenda Mombasa, mwendo wa kilomita 150 hivi, kesi ya bobini nimeifunga katika kitambaa cha mkono. Mfukoni nilikuwa na karatasi niliyonakili herufi na tarakimu zilizopigwa katika chuma, upande wa kulia wa kitako cha cherehani. Duka la kwanza waliniambia vitu hivyo vimekwisha duniani, afadhali ninunue cherehani mpya ya umeme. Duka la pili walinipa kesi iliyofanana na yangu kama pacha, illa kidole chake kilielekea upande mwingine. Ningaliinunua kama nisingaliziweka zote mbili juu ya meza na kuzilinganisha. Kufanana si kulingana. Vyuma viwili vyaweza kufanana machoni na kukataana kazini.

Saa sita nilifika katika kichochoro karibu na Barabara ya Biashara, mahali ambapo maduka ya leso hufuatana mlango kwa mlango. Ndani ya kibanda kimoja aliketi mzee aliyevaa kofia ya viua, amezungukwa na mikebe ya maziwa iliyojaa vyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umeniletea mgonjwa gani?"

Nikafungua kitambaa changu na kumpa karatasi. Aliisoma, akatabasamu. Akanieleza kwamba namba yenye herufi mbili mbele, ya kwanza ikiwa E, ni ya cherehani ya Singer iliyoundwa Clydebank, katika nchi ya Uskoti. Baadaye nilisoma zaidi, nikaona kwamba kiwanda kile kikubwa kilianza kazi katika miaka ya 1880, na kikafungwa mwaka 1980. Basi siku ile nilipokuwa nikitafuta skrubu, kiwanda kilichoizaa kilikuwa kimefungwa kwa miaka 29.

Je, kipuri cha mashine iliyokwisha fiwa na kiwanda chake hupatikanaje? Jibu lake lastahili kukumbukwa. Cherehani ya Mama ni ya namna iitwayo 15. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, mafundi wa Japani walianza kuunda cherehani nyingi kwa mfano wa hiyo, kwa vipimo vile vile. Na viwanda vya nchi nyingine za Asia vikafuata. Kwa hiyo bobini iliyotengenezwa Uchina juzi huingia bila ya ubishi katika chuma kilichotoka Uskoti zamani. Kipimo kilichoshikwa na wengi kiliishi zaidi ya kiwanda kilichokianzisha.

Mzee alimwaga mkebe mmoja juu ya gazeti. Ulikuwa na skrubu zilizotolewa katika cherehani zilizokufa. Alizipitia kwa ncha ya sindano kama mtu achaguaye mchele, akachukua moja, akaijaribu, ikakataa. Akachukua ya pili, ikaingia mizunguko miwili ikagoma. Ya tano ikaenda mpaka mwisho. Kisha akatia bobini yenye uzi, akaining'iniza kesi kwa uzi wake. "Tazama," akasema. "Ikishuka yenyewe, springi imelegea. Ukiitikisa isishuke, imekazwa mno. Yataka ishuke kidogo, kisha isimame." Alifanya hivyo mara tatu mpaka ikatii.

Nilikuwa nikitoa fedha mfukoni aliponiuliza, "Na kabla hujaifungua, ilikuwa ikiumwa na nini?"

"Iliruka mishono, mzee."

"Ilianza lini?"

"Ghafla, asubuhi moja."

"Nani aliyebadilisha sindano mara ya mwisho?"

Nikanyamaza. Yeye hakunihimiza. Alichukua sindano moja, akanionyesha kitu nilichokuwa nimekiona mara elfu bila ya kukitazama. Shina la sindano ya cherehani si la mviringo pande zote. Upande mmoja umesawazishwa. Katika cherehani ya namna ile, upande uliosawazishwa hutazama kushoto, na uzi hutungwa kutoka kulia. Sindano huzamisha uzi chini ya kitambaa, na inapoanza kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo upande ule ule uliosawazishwa. Hapo ncha ya ndoana hupita, ikakidaka kitanzi na kukizungusha kwenye uzi wa bobini. Nyuzi mbili zikafungana, ukawa mshono. Sindano ikigeuzwa, kitanzi hutokea upande wa pili, na ndoana hupita patupu.

Nilikumbuka taa, usiku, na haraka yangu. Cherehani ya Mama haikuwa imezeeka wala kuugua. Mimi ndiye niliyeigeuza sindano. Kisha nikaificha habari. Kisha nikavunja kizima kwa kutafuta ubovu ambao niliutia mwenyewe. Bei ya skrubu na pakiti ya sindano haikufikia nauli yangu ya kwenda.

Njiani nilifikiri kwamba ningeweza kurudi nyumbani nikiwa shujaa. Ningetia kesi, ningegeuza sindano kimya kimya, na Mama angewaambia majirani kwamba mwanawe amefufua mashine. Hapakuwa na shahidi ila mzee wa Mombasa, naye hakujua jina langu. Jaribu hilo lilinifuata mpaka mlangoni. Nilipomwona Mama ameketi taa mkononi, akishona gauni kwa mkono, mshono baada ya mshono, vidole vimechoka, nikashindwa kusema uongo. Nilimweleza yote, tangu suruali mpaka sindano.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Ungaliniambia asubuhi ile kwamba sindano imekatika, ningaligeuza hiyo nyingine kabla chai haijapoa." Hakuongeza neno. Alikwenda mwenyewe kwenye cherehani, akaondoa sindano, akaipapasa shina lake gizani kwa kidole gumba, akaitia. Kisha akakanyaga, na ule mlio niliolelewa nao ukarudi nyumbani.

Tulikuwa tumepoteza siku tatu. Mama alishona usiku, nami nilikata nyuzi, nikatia vifungo na kupiga pasi. Hata hivyo magauni manne hayakuwahi. Watoto wanne walifungua shule na sare za mwaka uliopita, na mmoja wao, msichana mdogo wa jirani, alipita mbele ya nyumba yetu akilivuta gauni lake fupi kwa mikono miwili ili lifike magotini. Alinisalimu kwa adabu. Sikuwa na la kumwambia.

Sasa mimi ni mwalimu kweli, na cherehani ile ingali ikishona Voi. Mwanafunzi anapokosa hesabu, siku hizi sianzi kwa kufuta kazi yake yote. Humwuliza swali la yule mzee: kosa lilianza wapi, na kabla ya hapo ulibadilisha nini? Aghalabu yeye mwenyewe huonyesha mahali kwa kidole.

Nawe, msomaji, siku utakapokabidhiwa kitu cha wazee wako, usikidharau kwa uzee wake, wala usikishambulie kwa bisibisi kwa sababu umesoma. Kijue kwanza jinsi kinavyofanya kazi kikiwa kizima. Nakili namba yake. Kila skrubu unayoitoa iweke katika kisahani, na kipuri unachonunua kilinganishe na cha zamani kabla hujakilipia. Lakini kabla ya hayo yote, kama mkono wako ulikigusa, sema. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha sindano moja, na kilio changu kilikuwa magauni manne.