Leta Ile ya Zamani: Kununua Spea za Baiskeli Nottingham na Ukambani

Ukitaka kujua baiskeli yako inavaa tairi gani, usihangaike na maandishi makubwa. Tafuta ubavuni mwa tairi namba mbili ndogo zenye kistari katikati. Ile ya pili, yenye tarakimu tatu, ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita, pale tairi linapokalia. Baiskeli nyingi ninazopishana nazo asubuhi hapa Nottingham husoma 622. Ile nyeusi ya chuma tunayoiita Black Mamba, inayobeba maji Kitui na Makueni, husoma 635. Tofauti ni milimita 13 tu, na hizo zinatosha kulifanya tairi zuri, la bei kali, lisiingie kabisa. Kibaya zaidi, wauzaji wengi huziita zote mbili inchi 28.

Naanza na namba hizo kwa sababu sisi Wakamba wa ughaibuni tuna tabia moja ya upendo ambayo ningependa tuitazame upya. Simu ikipigwa kutoka nyumbani kwamba baiskeli ya mzee imelala, kabla hata ya kuuliza ni nini kilichovunjika tayari tumeshaingia mtandaoni kutafuta spea. Tunalipa, tunasubiri kifurushi, tunamtafuta mtu anayesafiri Desemba. Mimi nimezaliwa Kabati ya Kitui na nimeolewa Wote, kwa hiyo simu za namna hiyo hunijia kutoka pande zote mbili za mto Athi. Na kadiri ninavyozisikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba spea za baiskeli ya nyumbani zinunuliwe nyumbani, katika duka la nyumbani, na mtu aliyetumwa na fundi.

Huku nilipo mambo ni tofauti, na yana mantiki yake. Kazi ya mikono ni ghali. Kumpa fundi abadilishe cheni mara nyingi hugharimu zaidi ya cheni yenyewe, kwa hiyo watu wengi hujifunza kwa video, wakanunua spea mtandaoni na kuzifunga wenyewe barazani au jikoni. Ukinunua mtandaoni, sheria ya Uingereza inakupa siku 14 za kubadili nia na kurudisha kitu. Kila spea ina maelezo yake: upana wa cheni, idadi ya meno, urefu wa ekseli, aina ya breki inayoendana nayo. Ukijua kusoma vipimo, hukosei sana. Mimi pia hununua raba za breki na tyubu kwa njia hiyo, na sioni aibu.

Ila hata huku, mtandao haujawa mshindi kama tulivyodhani. Chain Reaction Cycles ilianza katikati ya miaka ya 1980 kama duka dogo la baiskeli katika kijiji cha Ballynure, Ireland ya Kaskazini. Wiggle nayo ilichipuka kutoka duka la baiskeli la Portsmouth. Zote mbili zikakua zikawa majabali ya biashara ya mtandaoni, zikaungana mwaka 2016, na kufikia Oktoba 2023 kampuni hiyo ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Maduka madogo ninayoyaona yakidumu katika mitaa ya hapa ni yale yaliyoacha kutegemea rafu yakaanza kutegemea benchi la ufundi. Unaleta baiskeli, wanaitazama, wanakuambia inataka nini. Hapo ndipo wanapofanana na Kitui, ingawa wao wenyewe hawajui.

Kuna jambo jingine la Nottingham ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Baba wa Black Mamba alitengenezwa katika mji huu. Kiwanda cha Raleigh kilianza hapa miaka ya 1880, na baiskeli zake za chuma zilipakiwa melini kwenda Mombasa enzi za ukoloni, zikapanda bara kwa reli ile ile iliyopita Makindu na Sultan Hamud. Leo huwezi kukiona. Utengenezaji wa fremu ulikoma mwaka 1999, kiwanda kikafungwa 2002, na sehemu ya uwanja wake sasa ni Jubilee Campus ya Chuo Kikuu cha Nottingham. Sturmey-Archer, waliotengeneza habu za gia mjini hapa tangu 1902, walianguka mwaka 2000 na biashara ikachukuliwa na Wataiwan. Muundo wa baiskeli yenyewe ulikuwa umeshahamia India siku nyingi, kwa kina Hero wa Ludhiana walioanza 1956, na ni kutoka huko na China ambako Kenya imekuwa ikiagiza baiskeli nyeusi.

Matokeo yake ni haya. Nikiingia duka la baiskeli hapa Nottingham nikaomba koterpini, ile pini ya kabari inayoshikilia mkono wa pedeli, kijana wa kaunta atanielekeza mtandaoni, tena kwa heshima. Kitui, upande wa soko la Kalundu, koterpini zimo ndani ya mkebe juu ya meza. Zipo nene kidogo na zipo nyembamba kidogo, kwa sababu zile za kipimo cha Kiingereza zina milimita 9.5 na nyingine zina 9, na mwenye duka atazijaribu moja moja kwenye ile ya zamani uliyokuja nayo mpaka ipatikane inayolingana.

Hii "ile ya zamani" ndiyo msingi wa biashara yote. Mtu wa Kitui haendi dukani kabla ya kupita kwa fundi. Fundi yuko chini ya mwarobaini, ana beseni la maji la kutafutia pancha, spana chache, nyundo, na kopo la gololi zilizolowa grisi. Ataipindua baiskeli, atazungusha gurudumu, atasikiliza, kisha atakukabidhi kipande mkononi: "Mama, nenda na hii, mwambie akupe koni ya nyuma kama hii, na gololi, asikupe zile za mbele." Unavuka barabara. Mwenye duka anapokea kile kipande, anakipindua, anakilinganisha. Hakuna jedwali la vipimo lenye uhakika kuliko chuma kilichotoka kwenye habu hiyo hiyo dakika tano zilizopita.

Na unauziwa kile unachohitaji, basi. Spoki moja. Raba mbili za breki. Gololi za kuhesabu. Valvu peke yake bila tyubu. Huku Ulaya ekseli ya pedeli ikilegea, mara nyingi unanunua chombo kizima kilichofungwa kiwandani, cha zamani kinatupwa. Nyumbani fundi atafungua, atoe gololi zilizoliwa, apake grisi, afunge, na baiskeli irudi barabarani kabla ya saa sita. Kwa mtu ambaye baiskeli ni kazi yake, hilo la kabla ya saa sita ndilo jambo kubwa.

Shemeji yangu wa Wote huuza maji. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na hapo sijahesabu uzito wa madumu wala wa baiskeli. Kilo hizo zote hukalia gurudumu la nyuma, ndiyo maana Waingereza waliochora baiskeli hizi waliweka spoki 40 nyuma na 32 mbele. Njia yake inashuka mpaka mto wa mchanga ambako watu huchimba visima, kisha inapanda tena juani, na pembeni yote ni migunga yenye miiba. Spoki zake hukatika upande wa friwili, karibu kila mara upande huo, kwa sababu ndiko zinakokazwa zaidi na ndiko nguvu ya cheni inakovuta. Siku moja aliponisikia nikiulizia ukubwa wa rimu yake aliniambia, "Shemeji, tafadhali usitume kitu. Tuma pesa, fundi ameshaniandikia." Alikuwa na haki kabisa. Kifurushi kikichukua wiki mbili, hizo ni wiki mbili bila maji ya kuuza na bila karo.

Tena kifurushi chenyewe kinafikaje? Nyumba ya mama mkwe haina namba wala mtaa. Ina mwembe, ina kanisa jirani, na ina sanduku la posta la shule. Spea ikitoka ng'ambo itakutana na forodha, itozwe ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na ile tozo ya maendeleo ya reli iliyoanzishwa kugharamia reli mpya inayopita Emali na Kibwezi. Ikiagizwa kwa maduka ya mtandaoni ya humo humo nchini, itaishia kituo cha kuchukulia mizigo mjini, na mtu atalipa nauli kuifuata. Njia ninayoiona ikifanya kazi vizuri kuliko zote hizo ni ya matatu: mwenye duka wa Nairobi anafunga spea kwa karatasi, anaandika jina na namba ya simu, anaikabidhi ofisi ya sako ya matatu, na jioni ipo Kitui. Tangu barabara ya Kibwezi kwenda Kitui kupitia Mutomo iwekwe lami, hata duka la Ikutha haliko mbali tena.

Sitaki kulipamba duka la nyumbani kupita lilivyo. Yapo matairi mepesi yanayopasuka ubavuni baada ya mvua moja, na ipo mikebe ya gololi laini zinazoliwa upesi. Bei nayo hupanda ikisikika kwamba mnunuzi ametoka majuu, ndiyo sababu nasema atumwe fundi au shemeji. Lakini mwenye duka anayekaa mji mmoja na wateja wake hujua ipi itadumu na ipi haitadumu, na ukimuuliza wazi wazi atakuambia. Ana daftari la madeni. Muuza maji asiye na pesa leo anapewa spoki mbili na jina lake linaandikwa. Hakuna mtandao ninaoujua unaomkopesha mtu wa Wote spoki mbili kwa kumjua sura.

Duka hilo limebanwa. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, bodaboda za pikipiki zilienea mpaka vijijini, na rafu za mbele zikachukuliwa na plagi na oili. Spea za baiskeli zikasogezwa nyuma. Rimu ya 635 inabaki dukani kwa sababu kuna watu wanaoinunua. Tukianza kuwapelekea jamaa zetu kila kitu kutoka huku, mwenye duka ataacha kuiagiza, na siku tutakaposhindwa kutuma hakutakuwa na pa kukimbilia. Pesa ya kununua tairi inafika kwa M-Pesa dakika ile ile, na faida ya mwenye duka inabaki Wote.

Palipo na ugumu wa kweli ni kwenye baiskeli za mitumba. Zinashuka Mombasa kutoka Ulaya na Japani, zina gia saba au nane nyuma, breki za waya za kubana rimu, nyingine hata breki za diski. Vijana wanazipenda, na wana sababu, kwa kuwa ni nyepesi na zinapanda milima ya Mbooni bila mtu kushuka. Lakini rimu zake mara nyingi ni 559 au 622, friwili zake hufunguliwa kwa meno tofauti, na mwenye duka wa Wote hawezi kuweka mtaji wake kwenye kila aina. Hapo mtandao unasaidia kweli, hasa ukipitia kwa huyo huyo mwenye duka. Mwenye duka mmoja wa Kitui hupokea kipande cha zamani, anakipiga picha kando ya rula, anaituma kwa WhatsApp kwa muuzaji wa Nairobi, na anamwambia mteja arudi kesho. Anaongeza chake kidogo, na isipolingana ni yeye anayerudisha. Huo ndio mfano ningependa kuuona ukienea.

Na sisi tulio mbali, kama mikono inatuwasha kununua kitu mtandaoni, tununue vifaa vya fundi. Spoki ikikatika upande wa friwili, lazima friwili itoke kwanza, na mafundi wengi wanaitoa kwa tindo na nyundo kwa sababu hawana kifungulio chake. Ikitoka imepasuka, mwenye baiskeli analipa friwili mpya kwa ajili ya spoki moja. Kifungulio ni kipande cha chuma cha kutoshea kiganjani, na hapa Nottingham hakiniumizi mfuko. Friwili ya Kihindi mara nyingi huhitaji chenye ncha mbili, za mitumba huhitaji chenye meno mengi, kwa hiyo mwombe fundi apige picha ya katikati ya friwili kabla hujalipa. Ongeza spana ya spoki na kifaa cha kukatia cheni. Vyote vitatu vinaingia kwenye sanduku la nguo, na kwa fundi mmoja vitahudumia baiskeli za soko zima.