ZUNGUKA SHIMO KWANZA



Mchezaji wa gofu akikaribia shimo hapigi upesi. Anachuchumaa, anasoma mteremko, kisha anazunguka na kuusoma tena kutoka ng'ambo. Anajua macho hudanganya: mahali panapoonekana tambarare ndipo mpira hupotelea kando.

Hapa Todonyang, tangu wavuvi wetu wauawe ziwani Februari 2025, hasira ni nyingi, na habari nyingi tunazosikia ni za upande mmoja. Soma Mithali 18:17.

Kijana wangu, kabla hujashika bunduki, zunguka kwanza. Ng'ambo ya mpaka kuna mama Mdassanech anayelia kama mama yako. Haki tuidai, kisasi tumwachie Bwana.

Andika AMINA ukiombea amani mpakani.