Pale Mto Wetu Unapoishia

Sema umetoka Garissa, na mtu wa Nairobi atawaza jua, ngamia na vizuizi vya polisi. Bahari haimo kwenye picha. Lakini daraja letu, lile la kuvuka kwenda Madogo, limepitia juu ya Mto Tana, na kutoka hapo kushuka chini hakuna mto mwingine wa kudumu unaoingia. Kuna laga tu, na laga ni za msimu. Kwa hiyo maji yote ya mto yanayofika kinywani kule Kipini yamepita kwetu kwanza.

Nilikwenda kupaona kwa sababu ya ng'ombe. Ada yangu ya chuo ilikuwa ng'ombe. Adeer alikuwa akiuza mmoja au wawili kila muhula. Halafu ukaja ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita bure, na adeer akaswaga mifugo kufuata mto hadi deltani, kama watu wetu wanavyofanya kila hali ikiwa mbaya. Huko nyasi hubaki hata kwetu pakiwa vumbi. Waliorudi walihesabika kwa vidole. Mwaka wa tatu nikaacha masomo. Siku hizi naandika, nalipwa kwa kila makala, wakikumbuka kulipa.

Basi la Garissa linapita Hola hadi Garsen. Nilionyesha kitambulisho mara nne, jirani yangu wa kiti mara moja, lakini hayo yana makala yake. Kutoka Garsen unakwenda Witu, kisha bodaboda mpaka Kipini.

Kipini ni mji mdogo unaotazama maji mapana ya kahawia yakiingia kwenye maji ya kijani. Ukiutazama utadhani mto umemwagika hapo tangu dunia iumbwe. Wapi. Karne ya 19 sultani wa Witu, Ahmed Simba, alichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili vyombo vipite. Mafuriko yakaupanua, na mto wenyewe ukahamia humo. Wajerumani walikuja Witu 1885, wakaondoka 1890 walipoiachia Uingereza. Mfereji ndio uliobaki.

Nyuma ya mikoko kuna uwanda wa chumvi. Ardhi ngumu, nyeupe kama imenyunyiziwa unga, yenye vijimea vifupi vya majani manene. Maji kujaa yanaufunika, maji kupwa yanauacha na kaa wanakimbilia mashimoni. Yangeyange wanatembea taratibu kama wenye shamba. Kijana wa boti aliniambia nilambe jani la mchu. Nikalamba: chumvi tupu. Ule mti unakunywa maji ya bahari, kisha unaitoa chumvi kwenye majani. Kiboko tulimsikia tu, na kijana akazima injini bila kueleza kwa nini, nami sikuuliza.

Mimea hiyo imezoea chumvi. Mpunga haujazoea.

Hapo juu kidogo, Ozi, Wapokomo wanalima mpunga kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Hawana pampu. Bahari inapojaa inausukuma mto urudi nyuma, na maji matamu, yakiwa mepesi, yanapanda juu ya yale ya chumvi. Mkulima anafungua tuta, maji yanaingia shambani, anafunga. Bahari inamwagilia bila chumvi yake kugusa mpunga, mradi mto uwe na nguvu ya kuizuia. Mto ukikonda, kinachopanda ni bahari yenyewe.

Na mto umekondeshwa na wengi. Kama unasoma hii Nairobi, maji uliyooga leo huenda yalikuwa njiani kwenda Ozi, kwa sababu bwawa la Ndakaini limejengwa kwenye Mto Thika, nao unamwaga Tana. Stima ya simu yako pia: Kindaruma ni ya 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988, yote kwenye mto huu. Mabwawa yamepunguza yale mafuriko ya kawaida yaliyokuwa yakisafisha chumvi na kuleta udongo. Yale makubwa hayajazuilika. Aprili 2024 maji yalikata barabara kati ya Madogo na mjini, boti ikapinduka, watu wakafa.

Mzee aliyenikaribisha Ozi alinipa wali na samaki, akaniuliza natoka wapi.

"Garissa, mzee."

"Aa. Nyinyi mnakunywa mwanzo." Akanisogezea ndimu. "Na mwaka ule wa ukame, ng'ombe walikuja hadi hapa. Walikuwa wa kwenu?"

Ungejibuje? Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu 100 walikufa katika mapigano ya Waorma na Wapokomo, malisho na mashamba, njia za kufikia maji, na siasa juu yake. Huku swali la ng'ombe si la mazungumzo ya chakula.

"Wengine walikuwa wa adeer. Baba yangu mdogo," nikasema.

Alitafuna kwa muda. "Waliingia kwangu. Lakini mpunga ulikuwa umeshakufa kwa chumvi. Walikula mabua." Halafu, "Walipona?"

"Wachache."

"Walikunywa maji ya hapa. Hayo ndiyo yaliwaua," akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kuniuliza kama wali unatosha.

Kesho yake alfajiri alinichukua hadi kwenye tuta maji yakianza kujaa. Alichota kwa kiganja, akaonja, akatema. Akachota tena mbele kidogo, akanipa nami nionje. Haikuwa kali kama jani la mchu, ila ilikuwepo, nyuma ya ulimi. Akaliacha tuta limefungwa, akaketi juu yake kusubiri.