Vigae vya Nampeyo

Muhula uliopita nilipata sifuri katika zoezi la kuchora. Tuliagizwa tuchore chungu na kukipamba kwa nakshi zetu wenyewe, nami nikanakili ndege kutoka katika kitabu cha maktaba. Kumbe mwalimu alikijua kitabu kile. Akaniuliza mbele ya darasa, "Ndege huyu ni wako, au ana mwenyewe?" Wenzangu wakacheka, na mpaka leo wako wanaoniita Bwana Nakala.

Jumamosi nilikirudia kitabu, kwa hasira zaidi kuliko kwa hamu ya elimu, nikasoma habari za huyo mwenyewe. Jina lake ni Nampeyo. Alizaliwa yapata mwaka 1859 katika kijiji cha Hano, juu ya kilima chenye kilele bapa katika nchi ya Wahopi, jimbo la Arizona, Marekani. Mama yake alikuwa Mtewa, lakini ufinyanzi alifundishwa na bibi yake mzaa baba, Mhopi wa kijiji jirani cha Walpi.

Wahopi hawafinyangi kwa gurudumu. Mfinyanzi huviringisha udongo kama kamba, akaupanga pindi juu ya pindi, akaubana kwa vidole, akaukwangua, kisha akausugua kwa jiwe laini hata ukang'aa. Brashi yake ni jani la yuka, mmea wa jangwani, lililotafunwa ncha mpaka zikabaki nyuzi chache. Rangi nyeusi ni majani ya porini yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, yakachanganywa na unga wa jiwe lenye chuma. Vyungu huchomwa nje kwa samadi kavu ya kondoo, vikiwa vimefunikwa kwa vigae, na udongo uliokuwa wa kijivu hutoka motoni wa njano iliyoiva.

Basi, karibu na Hano kuna magofu ya Sikyatki, kijiji cha Wahopi kilichoachwa kabla Wahispania hawajafika mwaka 1540. Wafinyanzi wa Sikyatki walikuwa mabingwa. Mwaka 1895 mtaalamu Jesse Walter Fewkes alipafukua mahali hapo. Vyombo vingi alivitoa makaburini, jambo ambalo mimi sikulipenda hata kidogo. Nampeyo na mumewe, Lesou, walikwenda kambini kwake, wakaazima karatasi na kalamu, wakanakili nakshi za kale.

Wakanakili! Nusura nipige kelele mle maktabani.

Lakini nilipozidi kusoma furaha yangu ilipungua. Nampeyo alikuwa akivichunguza vigae vya kale hata kabla ya Fewkes kuja. Hakuchukua nakshi peke yake. Alifinyanga pia mitungi mipana yenye mabega bapa, kama ile ya Sikyatki, kisha akatunga nakshi zake mwenyewe. Macho yalipofifia aliendelea kufinyanga kwa kupapasa, na Lesou na binti zao wakamchorea. Alifariki mwaka 1942.

Nilitazama tena picha yangu. Katika mtungi wa Nampeyo bawa la ndege limepinda kwa kuwa linafuata bega la mtungi. Chungu changu kilikuwa kirefu kama chupa, na bawa lilining'inia tu, kama shati kwenye kamba.

Nilimweleza mwalimu hayo yote. Sifuri hakuifuta. Alinipa karatasi, akaniambia nichore mtungi mpana, kisha nimtafutie ndege wangu mahali pa kukaa. Nimekwisha chora kumi na watatu, na bawa bado halijakaa sawa.