Shikamoo Isiyo na Mwitikiaji: Barua kutoka Helsinki

Helsinki, 7 Desemba

Mdogo wangu,

 Baridi inanionea. Juzi kwenye simu uliniuliza desturi za Wafini kabla hujaja kunitembelea mwezi wa sita, nikakujibu mafupimafupi kwa kuwa bando lako lilikuwa linakata roho. Leo nina mapumziko kazini, nakuandikia kwa nafasi. Jua limezama saa tisa na robo alasiri, hata maji ya chai sijabandika. Na sisi wa Helsinki tuna nafuu. Kule Utsjoki, kaskazini kabisa, jua lilizama mwishoni mwa Novemba na halitachomoza mpaka katikati ya Januari.

Nianze na jirani. Mwezi wa kwanza nilipohamia kwenye jengo hili, kila nilipofungua mlango nilisikia ufunguo wa jirani ukigeuka, kisha ukasimama. Mzee yule alikuwa anangoja nishuke ngazi ndipo atoke. Unajua kwetu hiyo ina maana gani: mtu akikukwepa hivyo, mmeshagombana, au kuna maneno amepelekewa. Nikajiuliza nimemkosea nini. Harufu ya dagaa? Au ile redio yangu ya asubuhi? Siku moja glovu yangu ikadondoka njiani bila mimi kujua. Jioni nikaikuta imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wangu, imekung'utwa theluji. Hakuna karatasi, hakuna hodi. Kesho yake nikamvizia pale ngazini, nikamwambia "kiitos," yaani ahsante. Akasema "joo," yaani ndiyo, akapita. Hiyo ndiyo hotuba yote niliyoipata kwake kwa mwaka mzima, na tangu siku ile sijawahi kudhani ananichukia.

Kwa hiyo ukipanda basi na kukuta kila mtu kakaa peke yake kwenye kiti cha watu wawili, usihuzunike. Huku kumwacha mtu na nafsi yake ni kumheshimu. Wewe uliyezoea daladala za Mbagala, ambamo kabla hujafika Mtoni kwa Azizi Ali umeshajua abiria wa pembeni ana watoto wangapi na nani anadaiwa kodi, utaona kama umepanda gari la msiba.

Lakini kilichonitesa zaidi ni salamu. Unajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku ya kwanza wakanionyesha bibi wa miaka 86, wakaniambia mwite kwa jina lake. Jina tupu! Si Bi, si Mama Fulani, hakuna cheo wala heshima ya umri. Huku hata mwanafunzi wa chuo kikuu humwita profesa wake kwa jina la kwanza na dunia haipinduki. Mimi mdomo uligoma. Mtu aliyezidi umri wa bibi yetu nimwite kama mtoto mwenzangu wa kuruka kamba? Nikatafuta njia ya katikati, nikawa namwita Mummo, neno lao la bibi. Akacheka, akasema yeye hana wajukuu lakini jina hilo halimchukizi. Baadaye nikamfundisha kuitikia. Sasa nikiingia chumbani asubuhi namwambia shikamoo, naye anajibu "MA-rahaba," kwa mkazo mwanzoni, maana lugha yao huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Mwitikiaji wangu ndiye huyo mmoja nchi nzima, namtunza kama yai.

Usidhani lugha yao yote ni ngeni. Kama sisi, hawatofautishi mwanamume na mwanamke wanapomtaja mtu: wao husema "hän" pale sisi tunaposema "yeye," basi. Na kama sisi, hubandika vipande kwenye neno. Nyumba ni "talo," ndani ya nyumba ni "talossa," kutoka ndani ya nyumba ni "talosta." Mwalimu wetu wa Kifini aliwasifu Wakongo na Watanzania darasani kwa kuishika haraka habari hiyo, nikavimba kichwa wiki nzima. Kisha tukafika kwenye irabu ndefu na fupi, kichwa kikapungua.

Wazee wa pale kazini wakisikia natoka Tanzania hunitajia maji ya Mtwara na Lindi, mradi ambao nchi yao iligharimia miaka mingi, au Martti Ahtisaari. Yeye alikuwa balozi wao Dar es Salaam kuanzia 1973 hadi 1977, akaja kuwa Rais wao mwaka 1994 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2008. Mimi pia nampenda, lakini Mfini wangu ni mwingine, na huyo tuna udugu naye wa Bunju.

Ndiyo, Bunju hiihii kwa bibi. Kwenye maktaba moja hapa nilikuta kitabu cha mwaka 1970 cha Marja-Liisa Swantz kuhusu ibada na alama katika jamii ya Wazaramo, hasa wanawake. Mama huyu alifika Tanganyika mwaka 1952 akiwa mwalimu, na katika miaka ya 1960 akaenda kuishi Bunju, wakati ambapo Bunju ilikuwa kijiji cha minazi na mihogo, si hii ya Kinondoni yenye viwanja vya bei mbaya. Ameandika habari za mwali kufungiwa ndani, za mti wa mkole, za waganga. Mambo ambayo bibi alikuwa akituambia "mtayajua mkikua," kisha tukakua na hakuna aliyetuambia. Nimeyasoma Helsinki, kwa Kiingereza, nimevaa soksi mbili. Baadaye, miaka ya 1970, akawa miongoni mwa waongozaji wa utafiti wa Jipemoyo kule wilaya ya Bagamoyo, ambamo wanakijiji wenyewe walishirikishwa kutafiti maisha yao badala ya kuhojiwa tu na kuachwa.

Nilimfikiria sana mama yule. Mtu wa taifa hili la "joo," akakaa Uzaramo ambako salamu ina vituo kama treni: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za tangu jana. Nikasema, kama yeye aliweza kujifunza maneno yote yale, mimi nashindwaje kujifunza kunyamaza?

Sasa sauna, chumba chao cha joto na mvuke. Hapa tulia unisikilize, kwa sababu watakualika tu, na ukikataa bila sababu watasikitika. Nchi ina watu zaidi ya milioni 5.5 na sauna zinazokisiwa kufika milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza desturi hii kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Jengo letu lina sauna moja chini, na kila kaya ina zamu yake ya wiki, kama zamu za bomba la maji enzi zile pale kwetu Tandika, tofauti ni kwamba huku hakuna anayeruka foleni.

Mara ya kwanza nilialikwa na mwenzangu wa kazini, kwenye nyumba yao ndogo ya mbao kando ya ziwa. Kazini mama huyu husema maneno kumi kwa zamu, na matano ni majina ya dawa. Tulipofika akawasha kuni. Ikachukua muda mrefu, akawa anakaa tu kwenye ngazi anatazama maji. Wanawake huingia peke yao na wanaume peke yao, isipokuwa watu wa familia moja. Kisha akavua nguo. Zote! Nguo ya kuogelea humo ndani huiona kama uchafu. Mdogo wangu, nilisimama pale kama nguzo ya umeme. Kwetu mtu mzima hukaa mtupu mbele ya wanawake wenzake wapi? Labda unyagoni, na siku anaoshwa na kuvikwa sanda. Nilipomwambia hivyo, akanijibu kwamba zamani wanawake wao walijifungulia sauna, na maiti ilioshwa humohumo. Basi nikavua.

Utaratibu wenyewe huu hapa. Kwanza unaoga. Ukiingia unafunga mlango upesi. Unatandika kitambaa pa kukalia, na mgeni ni vyema akae ngazi ya chini, kwa sababu juu joto hufika nyuzi 80 hata 100. Kabla hujamwaga maji kwenye mawe ya moto, waulize waliopo. Ule mvuke unaopanda wanauita "löyly," na zamani neno hilo lilikuwa na maana ya roho. Ukishindwa, toka nje, hakuna atakayekucheka. Humo hakuna kelele wala ugomvi. Wazee wao husema mtu akae sauna kama yuko kanisani.

Mimi sikuwa na kitambaa chao, nikatandika kanga ya mama, ile nyeusi na nyekundu niliyokuja nayo. Tukakaa. Akamwaga maji mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu akaanza kusema. Akanieleza kifo cha mama yake majira ya baridi yaliyopita, jinsi alivyochelewa njiani kwa theluji na kufika saa moja baada ya roho kutoka. Alisema yote akitazama mawe, bila kunigeukia. Nikataka kumshika mkono kama tunavyofanya kwetu, nikajizuia, nikasema tu pole, na neno hilo sikulitafsiri. Baada ya muda akaona maandishi kwenye kanga, akauliza yanasema nini. Nikamwambia: Hakuna kama mama. Hakujibu. Alimwaga maji mengine, mvuke ukatufunika wote wawili. Kisha tukatoka mbio hadi ziwani, nami nikapiga ukelele uliosikika pengine mpaka Urusi.

Yaliyobaki ni madogo. Viatu unavua mlangoni, hilo unalijua. Kwenda kwa mtu bila kualikwa hakuna, na ukialikwa saa kumi na mbili jioni bonyeza kengele saa kumi na mbili. Ukiwahi, zunguka nje mpaka saa itimie. Saa ya harusi za Dar iache uwanja wa ndege. Gizani vaa kile kipande kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari. Sheria inamtaka kila mtembea kwa miguu akivae, kwa hiyo napita barabarani kama bodaboda wa Rangi Tatu. Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu, simama, hata kama ni alfajiri na hakuna gari wala paka.

Kahawa utakunywa mpaka uchoke, maana Wafini ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa duniani, karibu kilo 10 kwa mtu kwa mwaka. Usitegemee kahawa chungu ya kibarazani na kashata. Yao imekaangwa kidogo, nyepesi. Lakini mkate mtamu wanaokula nayo, "pulla," una iliki. Mara ya kwanza nilipopita mlango wa duka la mikate saa za asubuhi, nikasikia harufu ya mandazi ya mama, nikasimama pale barabarani kama mjinga.

Jambo moja litakushangaza wewe uliyeona kesi za viwanja Chamazi. Ukiwa msituni, hata kama msitu una mwenyewe, unaruhusiwa kuchuma matunda pori na uyoga bila kuomba, ili mradi usisogelee ua wa nyumba yake wala kuharibu kitu. Ni haki ya kila mtu. Mwezi wa nane nilichuma ndoo nzima nikitetemeka, nikingoja kufukuzwa na mbwa.

Ukifika Juni utakuta sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Mji hubaki mtupu, wote wamekwenda kwenye nyumba zao za ziwani kuwasha mioto mikubwa, na usiku hauingii. Lakini mimi sikukuu yangu ni ya jana. Tarehe 6 Desemba wao husherehekea uhuru wao wa mwaka 1917. Hawana ngoma. Jioni kila nyumba huweka mishumaa miwili dirishani, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Nilichungulia, nikaona madirisha ya jengo la mbele yote yanawaka, na ya jirani yangu wa "joo" pia. Nikawasha yangu miwili, kisha nikaizima ikiwa nusu, kwa sababu keshokutwa ni tarehe 9, zamu ya Tanganyika.

Ukija, niletee unga wa muhogo, pilipili, na doti moja ya kanga yenye jina lilelile, kama bado ipo Kariakoo. Ile ya mama nimeigawa nusu. Kipande kimoja kimebaki kule ziwani, kimetundikwa kwenye msumari ndani ya sauna.

Dada yako