Pazia katika Chumba cha Ndani

Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina vyumba virefu vyembamba, kwani upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Katika chumba kama hicho, mtaani Mkomani, dada yangu huwalaza wanawe wawili kitanda kimoja. Mvulana ametimiza miaka 10, umri ambao Mtume wetu (s.a.w.) ametuagiza tuwatenganishe watoto katika malazi. Dada akaniita kwa haya: hana chumba cha pili, wala uwezo wa kukijenga.

Nikamwambia, agizo ni la malazi, si la vyumba. Urefu wa chumba, ambao dada alizoea kuulalamikia, ndio uliotufaa. Tuliweka kitanda kila mwisho, tukatundika pazia zito kwenye boriti ya katikati, ukuta hadi ukuta. Kila mtoto akapata vidaka vyake ukutani, vya msahafu na vikorokoro.

Usiku wa kwanza binti, mwenye miaka 6, alilia kwa kuogopa giza. Nikainuka kumkemea, lakini kaka yake akanitangulia: akaanza kusoma Ayatul-Kursi kwa sauti. Binti akaifuatiza kutoka upande wake, hadi ikabaki sauti moja tu.