Barakoa: Neno, Kitambaa na Matunzo Yake

Naandika kutoka Mlabani, hapa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Leo naomba tulitazame neno moja, barakoa, pamoja na kitambaa kilichobeba neno hilo. Najua wapo watakaouliza kwa nini mwalimu mstaafu wa Kiswahili aandike habari za kufua na kupiga pasi katika ukumbi wa malenga. Nivumilieni, sababu itaonekana mbele ya safari.

Neno lenyewe ni kongwe. Asili yake ni Kiarabu, burqu', na katika Kiswahili cha pwani lilitaja vazi la uso la wanawake wa tabaka la juu, hasa Unguja enzi za masultani: kitambaa kigumu kilichonakshiwa, kikafunika paji la uso na pua, kikaacha matundu ya macho. Nchini Oman wapo wanawake wanaolivaa vazi la namna hiyo hadi leo. Sisi wa bara hatukuwa nalo. Nilipokuwa nikifundisha sekondari, nililikuta kamusini nikalipita, kama mtu apitavyo nyumba asiyokuwa na ndugu ndani yake.

Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania, aliyepatikana Arusha. Kesho yake shule zikaanza kufungwa. Kitambaa cha kuziba pua na mdomo, ambacho wengi wetu tulikuwa tumekiona kwa waganga na wauguzi tu, kikahitaji jina la kila siku. Wengine walisema maski, wengine kifunika mdomo. Baraza la Kiswahili la Taifa likasimama na barakoa, sambamba na kitakasa mikono, na baadaye UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona. Redio na magazeti yakalipokea neno, na majirani zetu wa Kenya, ambako uvaaji ulifanywa sheria Aprili 2020, wakalitumia vilevile. Likatoka kwenye sebule za Unguja likaingia stendi ya mabasi ya Ifakara. Maana nayo ikahama: vazi lililositiri uso likawa vazi la kuzuia pumzi.

Nyumbani tulikuwa watu wanne: mimi, mke wangu, mjukuu wetu wa darasa la nne, na dada yangu mkubwa, ambaye kifua chake kimekuwa dhaifu tangu alipougua kifua kikuu miaka mingi iliyopita. Huyo ndiye tuliyemhofia. Barakoa ya kutupa iliuzwa shilingi 500 siku bei ilipokuwa nzuri. Watu wanne, moja kwa siku, ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na pensheni ya mwalimu mnaijua. Kwa fundi cherehani wa jirani, barakoa ya kitambaa ilikuwa shilingi 1,000. Tukikadiria tatu kwa kila mtu, moja usoni, moja kwenye kamba na moja kabatini, hesabu ni barakoa 12 kwa shilingi 12,000, na zikitunzwa zinadumu miezi.

Fundi, binti wa makamo ya wanafunzi wangu wa mwisho, alinipokea kwa swali zuri.

“Shikamoo, Mwalimu. Nikushonee ya kitambaa gani?”

“Marahaba, mwanangu. Una vitambaa gani?”

Akanipangia mezani: marekani, bafta, poplini, tetroni, kitenge, kanga. Mpenzi wa lugha hawezi kuvitazama vitambaa hivyo bila kusoma historia. Marekani ni pamba nzito isiyotiwa rangi, na jina lake limetokana na viwanda vya Marekani vilivyoleta bidhaa hiyo Unguja katika karne ya 19. Bafta ni pamba nyeupe, nyepesi zaidi. Tetroni ina nyuzi za viwandani, haikunywi maji upesi. Kanga ni laini na haikeri ngozi, ila kila jora lina usemi wake, na mkasi wa fundi hauna habari na usemi. Mke wangu alipata barakoa iliyobakiwa na neno moja tu, SUBIRA, likamkaa sawia mdomoni. Sokoni watu walimsoma kabla ya kumsalimu.

Namna ya kuchagua tuliijifunza palepale. Inua kitambaa kielekee dirishani. Kikipitisha mwanga kama chekeche, nyuzi zake zimeachana mno, kiache. Tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri wa tabaka tatu: la ndani liwe pamba inayofyonza unyevu wa pumzi, la nje liwe kitambaa kisichofyonza upesi, na la katikati liwe polipropilini isiyofumwa. Hili la katikati lilionekana gumu, mpaka fundi alipocheka na kuchukua mfuko mpya wa sokoni. Mifuko mbadala tuliyoanza kuibeba baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 imetengenezwa kwa polipropilini ya aina hiyohiyo. Akakata kipande, akashona kijifuko ndani ya barakoa ili kipande kiingizwe na kutolewa, kwa sababu pasi ya moto ingekiyeyusha. Tetroni ikawa nje, marekani ndani.

Kisha likaja suala la kukaa usoni. Marinda yafunguke hadi chini ya kidevu, juu ifike kwenye mfupa wa pua, na pembeni kusiwe na mwanya. Wengi walipenda kujaribu kwa mshumaa: ukiivaa na ukaweza kuuzima kwa kupuliza, kitambaa hicho ni chepesi mno. Mtoto ashonewe ya kipimo chake, maana inayomtelekea machoni ataishika kila dakika, na mkono unaoigusa mbele ndio unaochafua kazi yote.

Lazima niseme pia mpaka wa kitambaa. Hupunguza matone yanayotoka kwa mvaaji, na humkinga mvaaji mwenyewe kwa kiasi. Hakishindani na barakoa za kitabibu. Ushauri uleule wa Juni 2020 uliwataka wenye miaka 60 na zaidi, na wenye maradhi ya muda mrefu, wavae za kitabibu mahali ambapo watu hawawezi kuachana nafasi. Kwa hiyo siku za kliniki dada yangu tulimnunulia ya dukani. Sisi wengine tulivaa za kitambaa sokoni na kwenye mabasi, ili tusimpelekee maradhi chumbani mwake.

Sasa nifike kwenye matunzo, na hapa ndipo lugha iliponishika. Mabango mengi niliyoyaona yaliandika: “Safisha barakoa yako.” Kusafisha ni kitenzi cha jumla, unaweza kusafisha uwanja, chumba, hata jina lako. Bibi zetu hawakuongea hivyo. Katika Kiswahili mtu huoga mwili, hunawa mikono na uso, huosha vyombo, hufua nguo. Na katika kufua mna ngazi: kuloweka, kufikicha, kusuuza, kukamua, kuanika, kuanua, kupiga pasi, kukunja. Kila kitenzi ni kazi moja, na kazi ikirukwa kitambaa kitasema.

Loweka katika maji ya sabuni ili uchafu ulegee. Fua kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Usipokuwa nayo, tumia maji ya kawaida na sabuni, kisha chemsha barakoa kwa dakika moja. Fikicha mishononi na kwenye marinda, maana huko ndiko mate na jasho hujificha. Suuza hadi povu liishe, la sivyo sabuni itakuwasha uso mchana kutwa. Kamua bila kuinyonga, lastiki isije ikalegea. Anika juani. Anua ikiwa imekauka kabisa, kwa kuwa kitambaa kibichi hakipitishi pumzi vizuri na hukaribisha ukungu, na masika ya bonde letu mnayasikia. Piga pasi, hata kama ni ya mkaa. Wa huku tunamjua nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na hatutaki mabuu yake mashavuni. Kisha kunja uweke katika mfuko safi. Hayo yote hufanywa kila siku, na barakoa ya mtu haiazimwi.

Wakazi wa Kilombero tulikuwa na somo la kale la kitambaa kinacholinda uhai. Hapa Mlabani ipo Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950. Kuanzia 1997, mradi wa vyandarua wa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na utafiti wake uliochapishwa 2001 ulionyesha kuwa uhai wa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4 uliongezeka kwa asilimia 27. Lakini chandarua cha enzi zile kilipofuliwa kilipoteza dawa, kikahitaji kuchovywa upya, kwa hiyo tulijifunza kutokifua ovyo. Barakoa ikaja na amri ya kinyume: isipofuliwa kila siku haina maana. Ndiyo sababu neno la jumla halikutosha. Vitambaa viwili, vyote vya kinga, vilitaka vitenzi tofauti.

Usahihi huo niliukumbuka kwa uchungu Februari 2021. Barakoa nyingi za mtaani zilikuwa zimekwisha kuingia kabatini tangu katikati ya 2020. Mwezi huo tukamzika mwalimu mwenzangu, mtu wa insha na utenzi, aliyekuwa akisahihisha hata matangazo ya harusi. Tangazo la msiba wake lilisema amefariki kwa “changamoto ya upumuaji”. Siku zile maneno hayo yalisikika msiba baada ya msiba. Nilisimama kaburini nikijiuliza angeyasahihishaje. Changamoto ni jambo linalokuchochea ulikabili. Upumuaji ni tendo la kila kiumbe hai. Ukiyaunganisha hupati jina la ugonjwa, na ugonjwa usio na jina haumwambii mtu avae nini, afue nini, akae mbali na nani. Kumbe neno nalo huweza kuvaa barakoa, na ile ya kale: ya kusitiri.

Siwalaumu wafiwa, kwa sababu kila mtu hulilia maiti yake kwa maneno aliyonayo. Ila niliporudi nyumbani nilimkuta dada yangu ameketi barazani, ananingoja nimweleze mazishi yalivyokwenda, nami sikutaka kumweleza kwa lugha ile. Nilimwambia jina la ugonjwa. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu amletee barakoa zake kutoka kabatini, akazinusa, akasema, “Hizi zimelala muda mrefu. Zifuliwe upya.” Mwezi huohuo Serikali nayo ilihimiza wananchi wavae barakoa zilizotengenezwa nchini, na cherehani ya jirani yetu ikaanza tena kulia hadi usiku.

Jioni hiyo nilimtungia mjukuu beti tatu, kwa sababu kazi ya kufua ilikuwa yake naye alikuwa na tabia ya kuruka kusuuza. Fundi alizinakili, akazibandika ukutani juu ya cherehani yake, akawa anawasomea wateja wakati wa kulipa. Nazileta kwenu kama zilivyo:

Loweka majini kwanza, sabuni ukiitia,
Kufua unapoanza, mishono yote pitia,
Suuza kwa kuitunza, hadi povu kuishia,
Barakoa ni matunzo, si bei kuangalia.

Ianike hadharani, jua likaifikia,
Ikauke mishononi, na unyevu kukimbia,
Pasi yenye moto ndani, pande zote pitishia,
Barakoa ni matunzo, si bei kuangalia.

Ikianza kuchanika, na mwanga ukaingia,
Lastiki ikichoka, usoni isotulia,
Muda wake umefika, jaani kaitupia,
Barakoa ni matunzo, si bei kuangalia.

Malenga mmoja rafiki yangu alizisoma akasema hizi ni kanuni zilizopangwa mizani, zimekosa taswira. Nilimjibu kuwa mizani na vina vilikuwa msaada wa kumbukumbu kabla ya kuwa pambo, na kwamba mjukuu wangu tangu hapo hajaruka kusuuza. Hajanijibu bado, nami naukaribisha mjadala huo hapa.

Leo korona haitangazwi tena, lakini barakoa hazijaondoka nyumbani kwetu. Msimu wa mavuno, mashine za kukoboa mpunga zinapotimua vumbi la pumba mjini, mke wangu huivaa ile ya SUBIRA, ambayo imefifia sana. Dada yangu yu hai, na huichukua yake kila anapokwenda kumtazama mgonjwa anayekohoa. Neno nalo limekaa. Watoto wa shule wanalitaja bila kujua kwamba liliwahi kuwa la wake wa masultani.

Ninalo ombi kwenu. Kitenzi kuanua, kutoa nguo kambani, nakisikia kikipungua. Vijana wanasema “kutoa nguo” basi. Kwenu Lamu, Tanga, Kigoma au Bukavu mnasemaje? Na zile ngazi za kufua nilizozitaja, je, kuna niliyoiacha? Niandikieni, pamoja na beti zenu, nami nitazisoma zote.